Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: biashara ndogo inajitofautishaje kwenye soko la mtandaoni lililojaa?

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wenye biashara ndogo wanapozungumzia mauzo ya mtandaoni. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale yanayompata mmoja mmoja. Kama tayari unauza na kinachokusumbua ni kitu kimoja tu, ruka hadi sehemu yake. Jibu likitegemea jingine utaelekezwa.

## Misingi

Bidhaa zangu ni nzuri. Mbona hazinunuliwi?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni methali hiyo hufanya kazi nusu. Kizuri hujiuza kikishashikwa, na kwenye skrini hakuna wa kushika, kunusa wala kujaribisha. Mnunuzi anaona picha, maneno machache, bei, na jina asilolijua, huku pembeni zikiwapo picha nyingine ishirini zinazofanana na yako. Ubora usioonekana kabla ya malipo haumsaidii kuamua.

Kabla ya kulaumu soko, jiulize mteja anapotelea wapi. Huenda hakuoni kabisa. Huenda anakuona ila anapita bila kufungua. Au anafungua, anauliza, kisha anapotea. Wengi wanaoamini wana tatizo la kwanza, ukiwachungulia simu utakuta wana la tatu: meseji zinaingia, wanajibu, kimya. Mwenye hali hiyo akilipia matangazo anaongeza tu idadi ya watu wa kumwacha njiani. Wa kundi la kwanza aende sehemu ya *Pa kuonekana*, wa pili *Jina, picha na maneno*, wa tatu aanze na *Bei* na *Kuaminika*.

Kujitofautisha maana yake nini? Nembo nzuri haitoshi?

Nembo humsaidia mtu kukutambua anaporudi. Haimpi sababu ya kuja mara ya kwanza. Sababu hiyo ni jibu fupi na la kweli kwa swali ambalo mteja halisemi kwa sauti: kwa nini ninunue kwako na si kwa yule?

"Ubora na huduma bora" si jibu, maana hakuna anayejitangaza kuwa anauza uduni. Pima sentensi yako kwa kuigeuza. Kama hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayeweza kusema kinyume chake, basi hujasema kitu. "Tunauza viatu vya kike namba 42 hadi 45 tu" ni sentensi yenye kinyume, kwa sababu maduka mengi yanaishia namba 41. Mwanamke mwenye mguu mkubwa akiisoma atasimama, na wengine watapita. Wanaopita si hasara.

Nauza kilekile wanachouza wengine mia, na wote tunachukua mzigo kwa muuzaji mmoja wa jumla. Nitajitofautisha na nini?

Bidhaa inafanana, lakini kununua hakufanani. Mtu anayenunua chaja ya simu hanunui waya peke yake. Anataka kujua kama inaingia kwenye simu yake, kama itachaji haraka au taratibu, itafika lini, na ikifa baada ya wiki mbili atamlilia nani. Wauzaji mia wanaoweka picha ileile ya kiwandani wameacha maswali hayo yote wazi. Atakayeyajibu ameshajitofautisha bila kubadili mzigo.

Pa kwanza pa kutafutia tofauti ni unayemuuzia. Chaja zilezile zinaweza kuuzwa kwa madereva wanaotumia ramani ya simu siku nzima. Orodha yako itakuwa na chaja za gari, nyaya zisizokatika shingoni na kishikio cha dashibodi, na mtu huyo hahitaji kupekua kwingine. Pa pili ni unachokijua. Ukiweza kueleza kwa lugha nyepesi kwa nini chaja ya wati 20 haifai kompyuta fulani, watu watakuuliza wewe hata kabla hawajawa na haja ya kununua. Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti ngumu kuliko zote kuiga, maana inataka muda na mshindani wako ana haraka. Pa tatu ni namna ya kufikisha na kusimamia: saa ya mwisho ya kuagiza ili mzigo utoke siku hiyohiyo, ufungaji usiovunja vitu, na ahadi ya kubadilisha iliyoandikwa kwa sentensi mbili zinazoeleweka.

Hakuna haja ya kuwa wa pekee duniani. Unachotaka ni kuwa chaguo la wazi mbele ya mtu mmoja mwenye haja moja.

Nikijibana kwenye kundi dogo, si nitakosa wateja?

Utawakosa baadhi, ndiyo. Ila wengi wa hao hukuwa nao tangu mwanzo. Amazon ilipofungua duka lake mwaka 1995 iliuza vitabu peke yake, ikaongeza muziki na filamu miaka mitatu baadaye. Kuanza na kitu kimoja hakukuifunga. Kuliwapa watu sababu rahisi ya kuikumbuka.

Mtandao una faida ambayo duka la barabarani halina: kundi ambalo mtaani kwako lina watu kumi linaweza kuwa na maelfu ukijumlisha miji. Sharti ni kwamba kundi hilo lijue linachotafuta na liweze kufikiwa. "Watu wanaopenda vitu vizuri" si kundi. "Walimu wa chekechea wanaonunua vifaa kwa pesa zao wenyewe" ni kundi, na wana sehemu wanazokutana.

Nitajuaje kuwa tofauti niliyochagua inawahusu wateja na si mimi tu niliyeipenda?

Soma meseji zako za zamani na uandike maswali yanayojirudia. Kisha soma malalamiko yaliyoachwa kwenye kurasa za washindani: hapo wateja wanaeleza bure, kwa maneno yao, wanachokosa. Wanaolalamika kwamba saizi hazilingani na maelezo wanakuonyesha mlango, na mkanda wa kupimia unatosha kuufungua.

Halafu waulize walionunua karibuni swali moja: "Nini kilikaribia kukufanya usinunue?" Usiwaulize kama wanaipenda biashara yako. Watasema ndiyo, kwa adabu tu.

## Bei

Nishushe bei ili nishindane?

Piga hesabu kwanza, kwa sababu punguzo linauma kuliko linavyoonekana. Tuseme unauza kitu kwa 10,000 na kinakugharimu 7,000. Faida ni 3,000. Ukipunguza asilimia 10, unauza kwa 9,000 na faida inakuwa 2,000. Mauzo kumi yaliyokuwa yakikupa 30,000 sasa lazima yawe kumi na tano ili ubaki palepale. Ukipunguza asilimia 20, faida ni 1,000, nawe unahitaji mauzo thelathini: kazi mara tatu, vifungashio mara tatu, maswali ya inboksi mara tatu, kwa pesa ileile.

Upande wa pili haujadiliwi sana. Ukipandisha hadi 11,000, faida ni 4,000, na unaweza kupoteza robo ya wateja bila kipato kushuka. Sisemi kila mtu apandishe. Nasema anayeshusha ajue anachokinunua. Kwenye vita vya bei anayeshindwa ni mwenye mtaji mdogo, na mara nyingi huyo ni wewe.

Niandike bei hadharani, au niendelee na "bei njoo inboksi"?

Iandike. Hoja za kuificha zinajulikana: washindani wasione, mteja avutwe kwenye mazungumzo, bei ipangwe kulingana na mtu. Washindani wataiona tu, wakitaka watajifanya wateja. Na mteja anayelazimika kuomba bei hudhani mambo mawili, kwamba ni ghali au kwamba utamkadiria kwa sura ya picha yake ya wasifu. Wakati anasubiri jibu lako, ameshafungua maduka mengine matatu.

Mahali pa kusema "tuzungumze" ni pale ambapo bei haiwezi kujulikana kabla ya maelezo, kama kazi ya kushonewa au kuchongewa kwa vipimo. Hata hapo andika bei ya kuanzia.

Mbona watu wanafika hadi kwenye malipo halafu wanaacha?

Kwanza, usidhani ni wewe peke yako. Taasisi ya Baymard, inayochunguza maduka ya mtandaoni, imekusanya tafiti nyingi na wastani wake ni kwamba takriban manunuzi 70 kati ya 100 yanayoanzishwa hayakamiliki. Sababu inayoongoza, ukiwaondoa waliokuwa wanaangalia tu, ni gharama zinazojitokeza mwishoni: usafiri, kodi, ada. Mtu alishajipanga kwa kiasi fulani, kisha anakutana na kingine.

Taja gharama ya kufikisha mzigo mapema, karibu na bei yenyewe. Kama inabadilika kwa umbali, weka jedwali dogo. Punguza pia hatua. Fomu inayodai tarehe ya kuzaliwa ili mtu anunue soksi imefukuza wateja wengi.

Mshindani anauza chini ya bei ninayonunulia mimi. Nifanyeje?

Chunguza kama ni bidhaa ileile. Ikiwa ni nakala ya daraja la chini, onyesha tofauti kwa picha za karibu: mshono, uzito, zipu. Usimtaje jina. Ikiwa ni ileile kweli, huenda ananunua kwa wingi kuliko wewe au anajitoa faida ili apate wateja wa kuwauzia vitu vingine. Bidhaa hiyo iache, au iweke tu kama nyongeza ya kitu kingine.

## Jina, picha na maneno

Jina la biashara lina uzito kiasi gani?

Uzito wake uko kwenye kutamkika, kuandikika na kutafutika. Mwambie mtu jina lako kwa simu, mara moja, kisha mwache alitafute. Akikosea herufi, una kazi. Majina yenye tarakimu zilizochomekwa katikati na mistari ya chini (_) mara nyingi huzalisha akaunti za kuigiza, kwa kuwa ni rahisi mtu kusajili linalokaribiana.

Ukiona biashara imeshika mizizi, sajili alama ya biashara. Mfumo wa kimataifa wa Nice unagawa bidhaa na huduma katika madaraja 45, na usajili hukulinda kwenye madaraja uliyoyaombea na nchi uliyosajili, si kila mahali. Kumiliki akaunti ya Instagram yenye jina fulani hakukupi haki ya jina hilo kisheria.

Sina pesa ya mpiga picha. Simu inatosha?

Inatosha kabisa. Kinachoharibu picha nyingi ni mwanga. Zima taa, sogea dirishani mchana, weka bidhaa ili mwanga uipige kwa ubavu, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga kwenye kivuli. Futa lenzi, inashangaza ni wangapi hawafanyi hivyo.

Kwa kila bidhaa piga nzima, ya karibu inayoonyesha kitambaa au malighafi, ya nyuma, na moja ikiwa mkononi au mwilini ili ukubwa ueleweke. Hii ya mwisho ndiyo inayokosekana zaidi, na ndiyo inayopunguza "nilidhani ni kubwa". Kama bidhaa ina kasoro ndogo ya asili, kama doa la ngozi halisi, ionyeshe. Picha za kiwandani zitumie pale tu unapokuwa nazo pamoja na zako. Zikiwa peke yake, mteja hawezi kujua kama mzigo unao au unaufuata akishalipa.

Maelezo ya bidhaa niandikeje?

Anza na anayehusika na haja yake, kisha vipimo, kisha mipaka. Linganisha:

"Mkoba mzuri wa kisasa, ubora wa juu, wahi kabla haujaisha!"

"Mkoba wa mgongoni unaobeba kompyuta ya inchi 15 na chupa ya lita moja bila kufutuka. Ngozi bandia, unafutika kwa kitambaa chenye maji. Zipu mbili. Kilo 0.8. Hauzuii mvua kubwa."

Maelezo ya pili hayana sifa hata moja, na yanauza zaidi. Sentensi ya mvua ndiyo inayofanya zilizotangulia ziaminike. Pia maneno kama "mkoba wa kompyuta inchi 15" ndiyo watu wanayoyaandika wakitafuta. Hakuna anayetafuta "wa kisasa".

Naweza kutumia akili mnemba kuandika?

Kusahihisha na kupanga, ndiyo. Kuandika kila kitu kutoka sifuri, utaishia na maneno laini yaleyale wanayopata washindani wako kutoka kwenye programu hizohizo, nawe ulikuwa unatafuta tofauti. Ipe wewe vipimo, malalamiko ya wateja na majibu yako, kisha ufute chochote ambacho usingekisema kwa mdomo wako. Picha za bidhaa zilizotengenezwa na akili mnemba ziache. Mteja akipokea kisichofanana na alichokiona, kamwe hatarudi.

## Pa kuonekana

Niwe kwenye mitandao mingapi?

Mmoja unaouhudumia vizuri, na wa pili wa akiba. Chagua kwa kuangalia wateja wako wanashinda wapi na wewe unaweza kutengeneza nini bila kujitesa. Usiyependa kuonekana kwenye video usijilazimishe TikTok kwa sababu mtu kasema ndiko kuliko na watu.

Mbona machapisho yangu hayawafikii hata wafuasi wangu?

Kwa sababu mtandao haumwonyeshi mtu kila kitu. Instagram, kwa mfano, iliacha mpangilio wa kufuata muda mwaka 2016 na kuanza kupanga machapisho kwa kukisia kila mtu atavutiwa na nini. Picha ya bidhaa yenye bei haipi mashine sababu kubwa ya kuisukuma. Chapisho linalojibu swali ("jinsi ya kupima mguu nyumbani kabla ya kuagiza viatu") huhifadhiwa na kutumwa kwa rafiki, na ishara hizo zina thamani kuliko alama za kupenda.

Alama za reli (#) thelathini chini ya picha hazitakuokoa.

Ninunue wafuasi ili nionekane mkubwa?

Hapana. Wafuasi hewa hawanunui, hawajibu, na wanaharibu hesabu: chapisho linaonyeshwa kwa watu wasiokuwepo, halipati mwitikio, mtandao unahitimisha kuwa halifai. Mteja makini naye anaona akaunti ya wafuasi elfu arobaini yenye alama nne za kupenda, na anafunga.

Je, nahitaji tovuti, au ukurasa wa mtandao wa kijamii unatosha?

Unaweza kuanza bila tovuti. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na wateja wote humo alibaki bila duka, bila simu ya wateja na bila hata pa kutangaza kwamba yupo. Saa sita ni kidogo. Akaunti iliyofungwa inaweza kuchukua wiki.

Tovuti ya kurasa tatu yenye jina lako la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni, inatosha: unauza nini na kwa nani, bei, namna ya kukupata na masharti ya kurudisha. Muhimu kuliko urembo ni ifunguke haraka kwenye simu ya kawaida, kwa hiyo punguza ukubwa wa picha kabla ya kuzipandisha. Jina la kikoa lisajiliwe kwa barua pepe yako wewe, si ya fundi aliyekutengenezea. Ugomvi wa jambo hili ni mwingi kuliko inavyodhaniwa.

Nitaonekanaje nikitafutwa Google?

Ukihudumia watu wa eneo fulani, fungua wasifu wa biashara wa Google. Ni bure. Google yenyewe inaeleza kwamba matokeo ya biashara za karibu hupangwa kwa vigezo vitatu: unavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na unavyojulikana, yakiwemo maoni ya wateja. Inasema pia kwamba hakuna malipo ya kupandishwa kwenye orodha hiyo, kwa hiyo anayekupigia simu akidai ada ya kukuweka namba moja, mwage.

Jaza saa za kazi, aina sahihi ya biashara na picha halisi. Jina, anwani na namba ya simu viwe vilevile kila mahali unapoonekana. Kwa wanaouza popote bila duka la kutembelewa, nguvu ielekee kwenye maelezo ya bidhaa na makala fupi zinazojibu maswali. Tazama *Maelezo ya bidhaa niandikeje?*

WhatsApp inafaa kwa kuuza, au ni usumbufu?

Inafaa, ikiwa watu wameridhia. Programu ya WhatsApp Business ina katalogi, majibu ya haraka na lebo za kutenganisha walioagiza na waliolipa. Orodha moja ya kutangazia hubeba watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Wengi hulalamikia sharti hilo. Mimi naliona ni la heri, maana linakulazimisha uwe mtu anayestahili kuhifadhiwa. Kuwaingiza watu kwenye kundi bila kuwauliza ni njia ya haraka ya kuripotiwa na kufungiwa.

Lini nianze kulipia matangazo?

Ukishauza bila kulipia. Tangazo linakuza kilichopo. Kama ukurasa haumshawishi anayekuja bure, hautamshawishi wa kulipiwa.

Kisha jua kikomo chako. Turudi kwenye bidhaa yenye faida ya 3,000. Ikiwa kati ya watu 100 wanaofungua ukurasa wawili hununua, watu hao 100 wanakuletea faida ya 6,000. Kila mbofyo ukigharimu 60, umefanya kazi bure. Ukizidi hapo, unalipa ili uuze. Kuna njia tatu za kutoka: mbofyo wa bei nafuu kwa kumlenga mtu sahihi, wanunuzi watatu badala ya wawili, au mteja anayerudi kununua tena. Ya tatu ndiyo inayozibeba biashara ndogo, na haimo kwenye ripoti ya tangazo. Kitufe cha kukuza chapisho ni rahisi, lakini mara nyingi huleta alama za kupenda. Ukitaka oda, chagua lengo la mauzo au meseji kwenye kidhibiti cha matangazo (Ads Manager).

## Kuaminika

Mtu asiyenijua ataamini vipi kwamba sitakula hela yake?

Utapeli umewafanya wanunuzi kuwa wapelelezi, na wana haki. Wape ushahidi kabla hawajaomba: jina la biashara linalofanana na jina la anayepokea malipo, namba ya usajili kama unayo, sura yako au ya mtu anayefunga mizigo, video fupi ya stoo, namba ya ufuatiliaji mzigo ukitumwa.

Malipo baada ya kupokea huondoa hofu haraka, ila yana gharama ya mizigo inayorudi. Njia ya kati ni malipo ya awali kidogo, au kuyaruhusu kwa oda ya kwanza na kwa thamani yenye kikomo. Ukiyatangaza, tangaza pia mipaka yake.

Nitapataje maoni ya wateja?

Omba, siku chache baada ya mzigo kufika, kwa ujumbe wenye kiungo cha moja kwa moja. Uliza jambo mahususi: "Saizi ilikaa vipi?" Jibu lake litamsaidia mnunuzi ajaye kuliko "asante sana, mbarikiwe".

Usinunue maoni wala usitoe zawadi kwa ajili yake. Google inakataza kutoa chochote ili kupata maoni. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku maoni ya uongo kwa kanuni zilizoanza kutumika Mei 2022, na Marekani ilianza kutumia kanuni yake Oktoba 2024. Hata kusiko na sheria kama hiyo, maoni hamsini yenye lafudhi moja yanajulikana.

Nikipewa maoni mabaya nifute?

Kama ni matusi au uongo, ripoti. Kama ni ya kweli, yajibu hadharani kwa ufupi: kilichotokea, ulichofanya, anapoweza kukupata. Unaandika kwa ajili ya mamia watakaosoma baadaye. Usibishane mstari kwa mstari, na kamwe usitoe namba ya mteja au picha ya mazungumzo yenu. Ukurasa wenye nyota tano tupu unatia shaka kuliko wenye lalamiko moja lililoshughulikiwa.

Niwafanyie nini walionunua tayari?

Wakumbuke kwa jambo lenye faida kwao. Muuzaji wa viatu anaweza kutuma namna ya kusafisha ngozi; wa vichungi vya maji akumbushe tarehe ya kubadilisha. Weka daftari la nani alinunua nini na lini. Punguzo linalotolewa kwa wageni tu huwaudhi waliokulea.

## Hali za pekee

Mtu ameiba picha zangu na anauza kwa jina linalofanana na langu.

Kusanya ushahidi kwanza: picha za skrini, viungo, tarehe, na faili za awali za picha kutoka kwenye simu yako. Halafu tumia fomu ya hakimiliki ya mtandao husika. Kampuni za Marekani zinalazimika kuwa na utaratibu wa kupokea madai hayo ili zibaki na kinga chini ya sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya mwaka 1998. Kujifanya wewe ni kosa jingine lenye fomu yake. Waarifu wateja wako kwa chapisho moja tulivu lenye namba zako halisi. Alama ya maji, yaani jina au nembo iliyopakwa juu ya picha, ikikaa katikati huchafua bidhaa. Ni afadhali mandhari ya picha zako yawe ya kutambulika.

Mimi nauza huduma. Hakuna cha kupiga picha.

Kuna kazi kabla na baada, kuna meza yako, kuna hatua. Mhasibu anaweza kueleza makosa matatu anayokutana nayo kwenye vitabu vya wateja bila kumtaja yeyote. Tofauti ya mtoa huduma iko kwenye kueleza mteja atapata nini, lini, na kitu gani hakimo kwenye bei. Funga huduma moja iwe kifurushi chenye bei na siku za kukamilika. "Nafanya kila kitu" humwachia mteja kazi ya kufikiri.

Bidhaa yangu ni mpya kabisa; hakuna anayeitafuta kwa jina.

Basi usiuze jina, uza tatizo. Watu hawatafuti kifaa wasichojua kipo, ila wanatafuta "sauti ya jirani inapenya ukutani". Andika na upige video kuhusu hilo, bidhaa ijitokeze kama jibu.

Akaunti yangu imefungwa ghafla.

Kata rufaa ndani ya programu yenyewe, mara moja, kwa maelezo mafupi na kitambulisho kikihitajika. Usifungue akaunti tano mpya siku hiyohiyo, na usimlipe anayedai ana mtu wa ndani. Wakati unasubiri, orodha ya namba na barua pepe za wateja ndiyo inayokuweka hai, ndiyo maana inafaa kuinakili kila mwezi nje ya mtandao huo.

Nimefanya yote haya na bado. Lini niache?

Kabla ya kuacha, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukipe muda wa kuonekana, angalau watu mia kadhaa waliofungua ukurasa. Ukibadili bei, picha na kundi kwa pamoja, hutajua kilichofanya kazi.

Dalili ya kuacha bidhaa, si biashara, ni hii: watu uliowalenga wanaiona, wanaielewa, bei wanaijua, na hawaitaki. Hapo ondoa mzigo uliobaki kwa bei ya kurudisha mtaji, uwaulize wachache walionunua wangependa kupata nini kingine kwako, na uanze upya na daftari lilelile la wateja.